Ushauri jamani: nimepata oda ya juisi ya ukwaju kwenda Kismayu, Somalia, nianzie wapi?

BintiLangoni:
Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi niko Amu (Lamu), natengeneza juisi ya ukwaju ya chupa, mwaka wa nne sasa, nilianza na ndoo moja nikiuzia watoto wa madrasa na nyumba za harusi mpaka leo nina lebo yangu. Nimepata mteja wa Kismayu ataka katoni 400, kila katoni chupa 24. Sijawahi kupata oda kama hii. Nauliza tu, makaratasi ya kupeleka nje ni yapi na huchukua siku ngapi? Mwenye kujua anijibu haraka, wallahi silali, nahesabu chupa mpaka alfajiri.

MzeeWaMadafu:
Waalaykum salaam mwanangu, hongera. Huo ukwaju watia hiliki au tangawizi? Marehemu mamangu alikuwa akitia pilipili manga kidogo sana, Ramadhani watu walikuwa wakitoka Mkomani kuja kununua kwetu, ukichelewa baada ya laasiri hupati hata tone.

WakalaPwani:
Dadangu, juisi ya chupa iko kwenye bidhaa za ushuru, kwa hiyo mtengenezaji anatakiwa awe na leseni ya KRA, mamlaka ya ushuru, na ya kuuzwa hapa ndani inabidi iwe na stempu ya ushuru tangu Novemba 2019. Ya kwenda nje ushuru hulipi, lakini lazima uonyeshe ushahidi kwamba mzigo umetoka kweli. Kisha alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, cheti cha asili ya bidhaa, na wakala akujazie tamko la forodha. Katika hayo una yapi? Na mzigo unapakiwa wapi?

FundiChupa:
Mimi naulizia chupa. Ukitia juisi ya moto kwenye chupa za plastiki za kawaida zinanywea kiuno, na ukiitia ya baridi bila kuihifadhi vizuri inachacha, kifuniko kinatuna. Umejaribu kuweka moja juani wiki mbili?

BintiLangoni:
@FundiChupa nimejaribu, siku ya tisa moja ilituna nikaitupa, nimeongeza muda wa kuchemsha. Asante kaka. @MzeeWaMadafu hiliki na mdalasini baba.

WakalaPwani:
Dada hujanijibu. Inapakiwa wapi, na nani anapokea upande wa pili?

KijanaMokowe:
Mnamtisha bure. Somalia iko kwenye soko la pamoja la COMESA tangu 2018 na Jumuiya ya Afrika Mashariki imeingia 2024, soko ni letu sote, peleka mzigo sis.

WakalaPwani:
Kijana, kuingia Jumuiya hakufungui njia ya Kiunga pale mpakani. Mpaka ulifungwa 2011, mwaka 2023 ikatangazwa utafunguliwa kwa awamu na Kiunga ikatajwa, halafu Julai mwaka huo huo ikaahirishwa baada ya mashambulizi. Njia halali ni kupitia bandari, na makaratasi. Dada, narudia kwa heshima, inapakiwa wapi?

BintiLangoni:
Kwa jahazi.

WakalaPwani:
Kutoka gati lipi?

BintiLangoni:
Haya naona mtanisumbua mpaka niseme. Mteja alisema jahazi lake litapita usiku, sisi tunapeleka katoni kwa mashua mpaka nje ya Kiunga, tunakabidhiana baharini, mambo ya huko mbele ni yake, kila anayetaka chake njiani atampa yeye. Leseni ya ushuru sina, KEBS nimeomba bado. Na arbuni nishapokea, nusu ya bei, shilingi 168,000, kila chupa shilingi 35. Pesa imeshakwenda kwenye chupa, sukari na katoni. Msinihukumu lakini, mimi sibebi bunduki wala dawa za kulevya, ni ukwaju. Sukari na maziwa ya unga kutoka huko yanaingia kwetu kila siku na hakuna anayeulizwa.

UstadhWaFaza:
Mwanangu, mali ya mtu ni amana, na amana haivushwi gizani. Mrudishie pesa zake.

BintiLangoni:
Ustadh kwa heshima zote, nirudishe kwa kitu gani? Nimeshasema pesa zimekwisha.

ShelaMpole:
Tena umesema "kila anayetaka chake njiani". Hapo ndipo mimi nimeshtuka. Huko barabarani wanaotoza ni nani? Al-Shabaab wanatoza mizigo, na kwetu sheria ya kuzuia ugaidi ya 2012 haitauliza kama ulikuwa unauza ukwaju. Mimi 2017 nilipeleka maji ya chupa Kiunga, njia ya ndani kabisa, halali, mawimbi yakapiga mashua, chumvi ikala gundi lebo zote zikabanduka zikawa zinaelea kwenye maji ya ngama, humo chini ya mashua. Nilifika na chupa uchi, hakuna duka lililokubali, nikagawia misikiti. Na hapo sikuvuka mpaka.

NahodhaMstaafu:
Nimesoma tangu mwanzo sikutaka kusema. Mimi nimesafiri bahari hii miaka mingi. Sasa ni mwezi wa saba, upepo wa kusi umechachamaa. Jahazi gani latoka kukabidhiana mizigo katikati ya bahari usiku, katoni 400 kutoka mashua hadi jahazi, mawimbi yakiruka hivi? Hata kufunga tanga huwezi. Mimi naona hii ni hadithi ya mtu aliyeko Nairobi anatafuta watu wa kuongea.

KijanaMokowe:
Aaah kumbe! Nahodha umemshika. Chupa 9,600 huyu anazijaza kwa mkono? 😂

FundiChupa:
Siku ya tisa kifuniko kikatuna, hilo halitungwi na mtu asiyepika. Mimi namuamini.

BintiLangoni:
Naweka picha hapa chini ya chumba changu. Godoro tumelitoa nje, watoto wanalala kwa dada, katoni ziko mpaka dirishani, zimefika 260. Jahazi ni la mashine, si la tanga. Baba Nahodha, ulivyosema mawimbi na mimi nilimuuliza mteja, akanijibu "hilo niachie mimi". Hivyo hivyo tu. Kila nikiuliza kitu jibu ni hilo. Sikutaka kuliona.

NahodhaMstaafu:
Nimeona picha. Nisamehe mwanangu, nimekudhania vibaya. Basi usimtolee hata katoni moja. Bahari hii ikikuangusha itakuwa wewe na mwenye mashua, yeye hayumo.

WakalaPwani:
Nakubaliana na mzee. Zuia mzigo, mwambie utampa kwa njia ya bandari, makaratasi yakiwa tayari, kama ni mfanyabiashara wa kweli atangoja. Na ukipenda nitakusomea fomu za leseni bila malipo. Ila hizo 260 uzitoe kwanza dirishani, joto la hapo litakuchachishia zote.

MzeeWaMadafu:
Mimi nina harusi mbili mwezi wa nane, nitachukua katoni 10 kila moja, ikiwa KEBS wamekupa alama. Pilipili manga usisahau.

BintiLangoni:
Nimemwandikia mteja sasa hivi, kwamba sipeleki baharini, tungoje bandari. Tiki moja mpaka saa hii. Mume wangu anahamisha katoni, nami narudi jikoni nikazime moto.