Nimefundishwa kuwasha kishikwambi, kufundishia nacho hakuna aliyenifundisha. Leo nimesomwa jina kuwa SITUMII TEHAMA!

Wakuu, salaam. Leo adabu yangu imepungua, mnivumilie. Nimetoka kwenye kikao cha walimu mikono inatetemeka, na nikilala na hili jambo kifuani kesho naamka na presha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Sayansi, mwaka wa 22 huu tangu nishike chaki. Mkoa sitaji, shule sitaji, maana najua humu wamejaa wakubwa zangu waliojificha kwenye majina ya wanyama. Nina miaka 47. Umri nautaja mapema kwa sababu najua atakayetangulia kukomenti atasema "nyie walimu wa zamani hamtaki teknolojia". Naitaka. Tena naitaka kuliko wengi waliopongezwa leo.

Kilichonitibua ni hiki: mbele ya walimu wenzangu, wengine walikuja hapa hapa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha nikawa mimi ninayewakagua, nimesomwa kwenye orodha ya "wasiotumia TEHAMA darasani". Kosa langu? Wiki tatu sijatuma kwenye grupu picha ya kishikwambi darasani. Kufundisha nimefundisha. Ila PICHA sijatuma.

Vishikwambi mnavijua, vile vya sensa ya Agosti 2022. Makarani walipomaliza kutuhesabu vikaja kwa walimu. Siku nakabidhiwa changu nilisaini kwa mwandiko wa ubaoni, nikaenda nyumbani nikakishonea mfuko wa kitenge. Mwanangu wa kidato cha pili alinicheka mpaka akakaa chini.

Ikaja semina. Siku mbili. Ukumbi mmoja, walimu zaidi ya 80, projekta moja, madirisha hayana pazia. Jua linapiga ukutani, slaidi hazionekani, mwezeshaji anatusomea kama anasoma tangazo la msiba. Mpaka chai ya saa nne tulikuwa kwenye maana ya TEHAMA na sehemu za kompyuta. Kibodi ni nini, kipanya ni nini. Tumeshika vishikwambi mkononi, havina kibodi wala kipanya, na tunaandika hayo kwenye daftari kwa kalamu! Baada ya chai tukajifunza kuwasha, kuzima, kuunganisha intaneti, kufungua barua pepe. Hapo kwenye barua pepe ndipo semina ilipozikwa. Nusu ya ukumbi wamesahau paswedi, nusu wanasubiri namba ya uthibitisho na mtandao umeelemewa, mzee mmoja laini yake iko kwenye simu aliyoiacha kwa mkewe kijijini.

Siku ya pili tukafundishwa namna ya kupiga picha darasani na kuituma. Hilo, nisiwe mchoyo wa sifa, tulifundishwa vizuri mno. Watoto wakae wapi, mwalimu asimame upande gani wa mwanga, kishikwambi kiinuliwe kidogo kionekane. Tukasaini mahudhurio, tukala wali kuku, tukapiga picha ya pamoja.

Siku zote mbili hakuna mtu aliyesimama akasema: mwalimu, una watoto 94, kifaa kimoja, kioo chake kidogo kuliko kaunta buku, mada ni mzunguko wa damu. Unaanzia wapi?

Sasa ngoja niwaambie nilianzia wapi, maana hapa ndipo panaponiuma.

Kila mwaka nikifika kwenye moyo huwa napita buchani kununua moyo wa mbuzi, kwa hela yangu. Naupasua mbele ya watoto. Wanaona vyumba vinne, wanaingiza vidole, wanashika ukuta wa ventriko ya kushoto, yaani chumba cha chini, wanasikia ulivyo mnene kuliko wa kulia. Hapo nawauliza kwa nini, na watoto wenyewe wanafika: huu ndio unaosukuma damu mwili mzima, ule mwingine unaipeleka mapafuni tu, hapa jirani. Miaka yote hiyo zana ni hiyo na inafanya kazi. Tatizo lake moja, moyo wa mbuzi umekufa. Haupigi. Vali, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, naweza kuzionyesha lakini siwezi kuzionyesha zikifunga.

Shuleni kwetu tuna kijana anajitolea. Hana ajira, wazazi wanamchangia nauli, na kishikwambi hakupewa kwa sababu jina lake halimo popote. Huyo ndiye aliyenikalisha chini ya mwembe siku tatu baada ya vipindi. Alinionyesha kupakua video usiku nikiwa nyumbani ili darasani nisihangaike na mtandao. Alinionyesha kwamba Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na mimi miaka yote nagombea nakala tatu za kabatini. Halafu akaniambia neno ambalo sitalisahau: "Madam, usiwaonyeshe yote. Isimamishe pale vali inapotaka kufunga, uwaulize damu itaenda wapi."

Jamani! Semina nzima hakuna aliyelisema hilo.

Nikafanya. Vipindi viwili vya pamoja, dakika 80, na bado haikutosha, nikamalizia siku mbili zilizofuata. Makundi nane. Kundi moja liko kwenye kishikwambi, la pili liko na moyo wa mbuzi kwenye sinia, waliobaki wanahesabu mapigo mkononi wakiwa wamekaa, kisha wanatoka nje wanaruka mara 30 wanahesabu tena. Vurugu ilikuwepo, sifichi. Mwalimu wa darasa la pili alikuja kuchungulia akidhani watoto wangu wamepandwa na mashetani. Spika sina, kwa hiyo watoto kumi na wawili wameinamia kioo kimoja vichwa vinagongana.

Kuna binti mmoja tangu Januari sijasikia sauti yake. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona unapiga mara mbili mbili?" Nikarudisha video nyuma. Tukaangalia tena. Sauti ya kwanza ni vali zilizo kati ya auriko, vyumba vya juu, na ventriko zikifunga. Ya pili ni zile za kwenye milango ya mishipa mikubwa inayotoka. Nikarudisha mara tano, kila kundi linataka kuona. Mwisho wakaanza kugonga madawati, du-dum, du-dum, darasa zima.

Picha iko wapi? Wakuu, mikono yangu ilikuwa na damu ya mbuzi na kishikwambi kilikuwa kwa watoto. NANI APIGE?

Sasa linganisha na mwenzangu mmoja aliyepigiwa makofi leo. Kila asubuhi anatuma picha. Kainua kishikwambi, watoto wametulia, wanatabasamu. Ukiivuta ile picha utaona kioo cheusi tii. HAKIJAWASHWA. Simchukii, ana watoto wa kulisha, kaelewa mchezo unavyochezwa. Anayeniudhi ni anayepokea picha, anaweka dole gumba, anajumlisha, halafu anaandika kwamba kata nzima inafundisha kwa TEHAMA.

Na gharama? Bando langu. Chaji ni kupanga foleni ofisini kwa mwalimu mkuu, madarasani hakuna soketi hata moja. Ruzuku ya serikali kwa kila mtoto inatakiwa inunue chaki, ikarabati dawati, ichape mitihani, bado sijathubutu kutamka neno spika.

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwenye karatasi ni jambo zuri kabisa, walimu tukae shuleni kwetu tufundishane. Ndicho nilichofanya na yule kijana chini ya mwembe. Lakini kwetu jumuiya yenyewe ya kufundishana ni daftari linalozungushwa Ijumaa mchana watu wasaini wawahi sokoni. Na kijana wangu haruhusiwi hata kusaini, si mtumishi.

Kikaoni nilijaribu kueleza. Nikakatizwa: "Mwalimu, tunazungumzia ushahidi." Nikauliza, je, daftari za watoto si ushahidi? Njooni mchukue mtoto yeyote wa darasa langu mumuulize damu inatoka wapi inaenda wapi. Nikaambiwa nisilete ubishi, nimalize wiki hii nitume picha tatu.

Mtanisamehe kwa urefu. Nawasilisha.

NYONGEZA saa 3 usiku: Aliyeandika "si upige picha tu mama, dakika moja, yaishe". Ndugu yangu, nimekuelewa na huenda una busara kunishinda. Lakini nikianza kukaa kwa ajili ya picha, somo nitalipanga kwa ajili ya picha. Nimeona kwa wenzangu lilivyoanza, hivyo hivyo, kwa dakika moja.

NYONGEZA nyingine: Mliouliza vali zinaonekana vipi kwenye moyo wa mbuzi, muombe muuza bucha asikukatie mishipa ya juu, wengi wanaikata fupi kwa mazoea. Upasue kwa wembe mpya kuanzia chini kwenye ncha, usianzie juu utaziharibu. Mimina maji taratibu kupitia mshipa mkuu, utaona zinajaa zinafunga. Hilo nalo nilioneshwa na mwalimu mwenzangu mwaka wangu wa kwanza kazini, siyo semina.

NYONGEZA, asubuhi: Nimetuma picha. Ya moyo wa mbuzi kwenye sinia, umepasuliwa, vyumba vinne vyote vinaonekana. Nikaandika chini yake "ushahidi". Tiki mbili za buluu tangu saa 12:40. Hakuna aliyejibu, dole gumba halijawekwa.