Tupeane uzoefu: hesabu za elementi zinazopikwa na nova huharibikia wapi?

Mwanzisha mada: Wakuu, uzi huu ni wa wanaofuatilia nova, ule mlipuko juu ya kibete cheupe (kiini kizito kilichobaki cha nyota iliyokufa) kinachofyonza hidrojeni ya nyota mwenzake. Tuweke namba na makosa yanayojirudia.

Mchangiaji 1: Wengi hudhani joto ndilo linaloamua kila kitu. Chini ya tabaka la hidrojeni elektroni zimebanwa mno, hivyo joto likipanda shinikizo halipandi nalo, na tabaka halitanuki. Moto unakolea hadi kelvini milioni 200 na zaidi. Hapo kaboni, nitrojeni na oksijeni zinameza protoni upesi, ila mzunguko huo wa kumeza protoni unakwama ukingoja oksijeni-14 na oksijeni-15 zioze. Nusumaisha (muda wa nusu yake kuoza) ya kwanza ni sekunde 71, ya pili sekunde 122, na joto haliwezi kuziharakisha. Mikondo inazipandisha juu kabla hazijaoza. Nishati zinayoitoa huko inasaidia kusukuma nje gamba la gesi, likiwa na kaboni-13 na nitrojeni-15 tele. Kwenye hesabu changanya pia kaboni na oksijeni ya kibete chenyewe. Ukianza na mchanganyiko kama wa Jua tu, mlipuko unatoka dhaifu.

Mchangiaji 2: Naongezea lithi, maana hapa muda ni kila kitu. Nova hupika berili-7 kutokana na heli-3 na heli-4, nayo hugeuka lithi-7 kwa nusumaisha ya siku 53. Ukichelewa miezi sita, imebaki chini ya sehemu moja ya kumi. Mistari ya berili hiyo kwenye mwanga wa nova iko nanomita 313, eneo la urujuanimno ambalo hewa hulifyonza sana. Darubini ya Subaru, juu kabisa ya Mauna Kea, ndiyo iliyoikamata kwenye nova V339 Delphini ya 2013. Gamba likija kwetu kwa kilomita 1,100 kwa sekunde, mstari unahama nanomita 1.15 kuelekea buluu. Usiridhike na mstari mmoja, mistari ya chuma imejaa palepale. Tafuta jozi iliyoachana kwa nanomita 0.065, kisha linganisha kasi yake na ya hidrojeni na kalisi. Zikipishana, hiyo si berili.

Mchangiaji 3: Nikeli-56 ikitawala orodha yako, umeshatoka kwenye nova. Hiyo ni supanova ya aina ya Ia, mlipuko unaoteketeza kibete chenyewe: nikeli inakuwa kobalti-56 kwa nusumaisha ya siku 6, kisha chuma kwa siku 77. Kwenye supanova SN 2014J, setilaiti ya INTEGRAL ilipima miale ya gama ya kobalti hiyo, yenye nishati ya keV (kiloelektronivolti) 847 na 1,238. Nova huishia karibu na kalisi, na kibete kinabaki, kinaanza kukusanya hidrojeni upya.