Nashona mapazia mwenyewe, mita 6 zitatosha?

Mpangaji Mpya: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijashika mkasi. Nimehamia nyumba ya kupanga huku Mbagala, fundi kanitajia laki na themanini kwa dirisha moja nikasema wee, cherehani ya bibi ipo ndani, ya kukanyaga, nashona mwenyewe. Juzi nikashuka Kariakoo nikachukua kitambaa cha kijivu kizito mita 6, upana sentimita 150. Fimbo ya sebuleni ina mita 2, toka kwenye fimbo mpaka chini ni mita 2.30, nataka ya pete. Ila naogopa, maana la chumbani nililoshona mwezi jana lilikuwa linagusa sakafu vizuri tu, nimelifua mara moja limepanda kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Nilikosea wapi??

Mama Wawili: 😂😂 pole shosti, hukuloweka kitambaa. Cha pamba kinarudi hicho. Loweka, anika, piga pasi ndo upime.

Fundi Mstaafu: Mita 6 hazitoshi dada. Weka 2.30 ongeza sentimita 25 za pindo la juu na chini, kipande kimoja 2.55. Vipande viwili 5.10, hapo una upana wa mita 3 kwenye fimbo ya mita 2, ukifunga linanyooka kama shuka limeanikwa, marinda hayapo. Angalau upana uwe mara mbili ya fimbo. Kwa hiyo unataka vipande vitatu, 7.65, kwenye 6 zako vinatoka viwili tu, inabaki sentimita 90 ambayo haitoshi kipande kizima, kwa hiyo cha tatu kinunue kizima 2.55, chukua 3 kabisa maana na kurudi kupo. Kile cha tatu kipasue katikati kwa urefu, kila nusu iunge kwenye pazia lake, mshono ukae upande wa ukutani siyo katikati ya dirisha. Na pete ziwe namba shufwa, 14 kila pazia, ukiweka 13 ncha moja inageukia ndani ya chumba inakera mpaka basi.

Kaka Mkubwa: Si angenunua tu kile cha upana 280, unakilaza, upana ndo unakuwa urefu wa pazia, hakuna kuunga.

Mpangaji Mpya: Kaka nishanunua jamani. Halafu nyuma kina kama mpira hivi, muuzaji kasema kinazuia jua.

Fundi Mstaafu: Ahaa ungesema mwanzo. Basi usikiloweke, pima kama kilivyo. Pini usichome katikati, tundu likishatoboka halizibiki, mwanga unapenya kama nyota, bana na vibanio vya nguo. Sindano namba 16, mishono mirefu. Pasi usiguse upande wa mpira utaganda.

Mama Wawili: Na ukienda kuongeza nenda na kipande mkononi, robota likiwa lingine kijivu kinaweza kupishana. Usiangalizie chini ya taa za dukani, toka nacho nje juani.

Mpangaji Mpya: Asanteni sana wakuu, kesho asubuhi nipo Kariakoo. Kipande cha mfano nimeshakata, ila mwanangu kakichukua kamfunika mdoli na kalala nacho, nasubiri azame usingizini nikichomoe 😩