Ushauri: Nizihifadhije bia za kuvundika katika joto la Dar es Salaam?

Mvundikaji wa Sinza (mleta uzi):
Heshima kwenu wanajamvi. Nimekuwa nikikusanya bia za matoleo machache, zile ambazo hununuliwa ili zilazwe gizani miaka kadhaa kabla ya kufunguliwa, pamoja na zile za watawa wa Ubelgiji. Ninazo Rochefort 10 yenye asilimia 11.3 ya kilevi, Orval kadhaa, stauti (bia nyeusi) nzito ya kiwanda cha Goose Island cha Chicago iliyokaa ndani ya mapipa ya bourbon, wiski ya Kimarekani, na Westvleteren 12 niliyoinunua dukani mjini Brussels, ambayo sithubutu hata kuigusa. Zote zimo katika chumba chenye kiyoyozi, kwenye nyuzi 13. Kuanzia Jumamosi chumba hicho sitakuwa nacho tena. Je, zikikaa sebuleni wiki sita zitaharibika? Naomba majibu ya kitaalamu, kwa maana hata usingizi umenipungua.

Pipa la Tegeta:
Mkuu, joto la nyuzi 30 haliichachishi bia kwa usiku mmoja, bali huharakisha kila badiliko linaloendelea ndani ya chupa. Watengenezaji hukadiria kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuzeeka huongezeka mara mbili hadi tatu, hivyo wiki sita za sebuleni kwako zinaweza kulingana na miezi mitano au zaidi ya ghala lenye nyuzi 13. Stauti na Rochefort zitastahimili, kwa sababu zina kilevi kingi na kimea kizito. Orval ina asilimia 6.2 tu, tena imetiwa chachu ya mwitu iitwayo Brettanomyces, ambayo huendelea kula sukari na kuongeza gesi ndani ya chupa; hiyo ndiyo ningeitafutia ubaridi kwanza. Zisimamishe wima ili mashapo yatulie, na ufute vizibo mara kwa mara, maana unyevu wa pwani huvila kwa kutu.

Mama wa Kibosho:
Mimi nashangaa bia ya kusubiri miaka. Kwetu mbege ya ndizi mbivu na ulezi, iliyotiwa uchungu wa gome la msesewe, ikipita siku chache huwa kali hadi wazee wanairudisha. Marehemu babu alikuwa akionja kibuyu kimoja na kusema ni nani aliyepika na alikosea wapi. Watu wa namna hiyo hawapo tena.

Mja wa Magomeni:
Ndugu yangu, fedha ya chupa moja ya hizo ingelipa bima ya afya ya mtoto. Umetumwa na nani uhifadhi kilevi? Kimwage, upate usingizi.

Pipa la Tegeta:
Turudi kwenye mada. Mleta uzi, kwa nini chumba hutakuwa nacho? Kama unahama, ushauri ni tofauti.

Mvundikaji wa Sinza:
Sihami. Mama mkwe anakuja kutoka Songea kwa matibabu, na chumba hicho ndicho chenye kitanda cha wageni. Mke wangu anajua kwamba nina chupa kadhaa, ila hajui kwamba zimejaza kabati lote la nguo. Kabla hamjanihukumu, fahamuni kwamba nimeshalipa kianzio cha friji la vinywaji lenye mlango wa kioo, na muuzaji harudishi fedha.

Mama wa Kibosho:
Kumbe swali halikuwa joto! Mwanangu, mama mkwe akifungua kabati kutundika kanga zake akakuta ghala la pombe, hiyo Orval ndiyo itakayokuwa salama kuliko wewe.

Pipa la Tegeta:
Friji la kioo ni chaguo baya. Mwanga ukigonga viambato vya hopi, yale maua yanayoipa bia uchungu, huzaa harufu kama ya kicheche, na taa ya ndani ya friji huwaka mchana kutwa. Chupa za kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, lakini si wote. Bora friza ya kifuniko, uichomeke kwenye kidhibiti joto cha nje kinachokata umeme ikifika nyuzi 12. Umeme ukikatika, friza iliyojaa chupa hutunza ubaridi kwa saa nyingi.

Mvundikaji wa Sinza:
Nashukuru, lakini nimeshasema kianzio hakirudi. Tena friji hilo litapendeza jikoni.

Jicho la Upanga:
Samahani, uzi huu ni wa kutunga. Kwanza, kiyoyozi cha nyumbani huishia nyuzi 16. Hizo 13 umezipata wapi? Pili, watawa wa Sint-Sixtus, monasteri inayoitengeneza, huuza Westvleteren kwa oda, kwa mtu binafsi, kwa sharti la kutoiuza tena. Hilo duka la Brussels limeipataje?

Mvundikaji wa Sinza:
Nyuzi 13 ndicho kiwango ninacholenga. Rimoti inaonyesha 16, na chupa ziko sehemu ya chini ya kabati ambako kuna ubaridi zaidi. Risiti ya duka ninayo.

Pipa la Tegeta:
Kuhusu duka simpingi mleta uzi. Mwaka 2018 duka kuu moja la Uholanzi liliuza Westvleteren kwa takriban yuro 10 kila chupa, na watawa wakalalamika hadharani. Wachuuzi wa namna hiyo wapo.

Jicho la Upanga:
Basi duka nimelikubali. Kabati lenye ubaridi wa ajabu kuliko kiyoyozi chenyewe bado linanitatiza. Weka picha ya kipimajoto.

Mvundikaji wa Sinza:
Kipimajoto nitakinunua Kariakoo kesho. Nimeamua kulichukua friji, kuondoa taa yake, na kufunika kioo kwa kitambaa cheusi kizito. Orval zitaingia kwanza, zile nzito zitakaa chini ya kitanda changu.

Mama wa Kibosho:
Na mama mkwe akiuliza friji la jikoni limevalishwa nguo nyeusi kwa msiba wa nani?