Luano–N'Djili: kwenda saa moja, kurudi saa tatu?

Mwana_Katuba
Jamani, nisaidieni. Wiki ijayo mama yangu anapanda ndege kwa mara ya kwanza, Lubumbashi–Kinshasa. Tiketi inasema anatoka uwanja wetu wa Luano 10:00, anafika uwanja wa N'Djili, Kinshasa, 11:20. Kurudi anatoka 13:00, anafika 16:20. Njia ni ileile, sasa hizo saa mbili zaidi zinatoka wapi? Au kurudi ndege inatua pahali? Mama ana sukari, anachoma sindano kwa saa zake, ndiyo maana nataka kujua atakaa ndani muda gani.

MamaLiputa
Mwanangu, haitui popote. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi huandika kila saa kwa mji wake. Hiyo 11:20 ya kule, huku ni 12:20. Kurudi, 13:00 yao ni 14:00 yetu. Hesabu upya: saa mbili na dakika 20 kwenda, saa mbili na dakika 20 kurudi.

Mimi nauza liputa (vitenge), njia hiyo naijua. Baba watoto naye ana sukari, basi nisikilize vizuri. Insulini isiingie kwenye valizi. Kule chini ya ndege kwenye mizigo, baridi inaweza kuigandisha, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Iwe kwenye mkoba wake, pamoja na biskuti na kitu kitamu. Tena asichome sindano akitegemea chakula cha ndegeni. Kwanza akione mbele yake.

Fundi_Ruashi
Naongezea kilomita: ni kama 1,550 kwa mstari ulionyooka. Jeti ikienda kilomita 800 kwa saa, hapo ni karibu saa mbili. Dakika zinazobaki ni za ndege kutembea uwanjani, kupanda na kushuka. Ila angalia ni ndege gani. Ya propela ikienda 500 kwa saa, itapita saa tatu.

Mwana_Katuba
Aksanti sana. Sasa mama abadilishe saa ya mkononi?

MamaLiputa
Hapana, aiache ya Lubumbashi. Sindano zitabaki kwenye saa alizozoea, na siku ya kurudi, akikosea, atakosea kwa kuwahi. Simu ndiyo inaweza kujibadilisha yenyewe, umwambie mapema asichanganyikiwe. Daktari wake naye mumuulize kabla ya safari.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni barabara. Anafikia wapi? Kama ni Gombe, katikati ya mji, boulevard Lumumba ya kutoka uwanjani ikifunga kwa magari, mtu anaweza kukaa ndani ya gari zaidi kuliko alivyokaa angani. Siku ya kurudi atoke asubuhi na mapema, chakula mkononi. Na uliza walikokuuzia tiketi kama Go-Pass, ile ada ya uwanja wa ndege, imeshalipwa, asije akaanza kutafuta pesa pale mlangoni.

Mwana_Katuba
Anafikia kwa kaka yangu, Lemba. Nampigia sasa hivi awe N'Djili 11:00 ya kwao.