Muvi ya mbwa wanaotukana: tumlaumu muuzaji, mzazi au Bodi?

Wakuu tulijadili hili bila kununiana. Hapa Kigoma wengi tunajaziwa muvi kwenye flashi, unamwambia jamaa niwekee za watoto, anakutupia folda zima huku anachati. Ndo ilivyoingia kwangu Strays, ya Marekani, 2023, mbwa wa kweli kabisa ila midomo imechezeshwa na kompyuta ionekane wanaongea. Ukiiona juujuu unasema ya chekechea hii. Kumbe Reggie (sauti ya Will Ferrell) katelekezwa na bwana wake Doug, anakutana na Bug (huyo Jamie Foxx) na wenzake wawili, na safari nzima ni kurudi kumng'ata Doug sehemu za siri, aondoke nazo kabisa. Matusi mfululizo, uyoga wa kulevya, na kuna mambo ya Bug na kochi siandiki hapa.

Kwao wameipa R, yaani chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi au mtu mzima. Kwetu Bodi ya Filamu ipo, sheria ipo tangu 1976, ila sijawahi kuulizwa kibandani hii flashi anaangalia nani.

Msimamo wangu, muvi haina kosa. Nimeimalizia usiku watoto wamelala nimecheka hadi machozi, na chini ya uchafu wote ule ni habari ya mbwa anayeteswa akidhani ndo anapendwa. Lakini anayepokea hela ajue anauza nini bwana, hata mama wa dagaa pale Kibirizi anakwambia hawa wa jana.

Mdau wa Ujiji: Mkuu, muuza muvi sio yaya wa wanao, kaa nao uangalie. Kwetu bibi kaona tu mbwa ndani ya nyumba ya mtu akasema zima, hata tusi halijatoka 😂

Mdau wa Gungu: Hicho Kiingereza wangu hawakielewi, wanacheka mbwa tu. Subirini madj wetu waitafsiri, mbwa kanyamaza na tusi linaongezwa.

Mleta mada: Gungu hapo kwa madj sikubishii. Ila Ujiji, yaya sijaomba, naomba folda mbili tu, ya wakubwa na ya watoto. Hiyo nayo mpaka Bodi ipande treni ije Kigoma?