Tupeane uzoefu: siku faili lilipokutoa machozi

mlandege88: Wakuu, leo nimemwona dogo wa fildi anaandika except: pass (yaani kosa likitokea programu ilipuuze kimya), moyo ukanipasuka. 2016 niliwaandikia akina mama wa kikoba programu kwa lugha ya Python, michango yote kwenye faili moja la CSV (jedwali la maandishi matupu). Nikalifungua kwa 'w' (hali ya kuandika), loop, yaani kitanzi cha kurudia, inaandika mwanachama mmoja mmoja. Sikujua kumbe 'w' ikishafungua tu faili linakuwa tupu palepale, hata hujaandika herufi. Mwanachama wa tatu kiasi chake kiliingizwa na koma, 15,000, float (inayogeuza maandishi kuwa namba) ikagoma, except: pass ikameza kosa, skrini ikasema "Imehifadhiwa". Faili la watu 64 likabaki na wawili! Siku nne nimekaa na mama mhazini, yeye anasoma risiti za kaboni mimi nachapa, nyingine wino umefifia hata ukiinua juani huoni kitu. Hakunigombeza hata neno, na ndo kilichoniuma zaidi

bint_pangani: Dah pole mkuu, hiyo 'w' imeliza wengi

kodi_usiku: Tatizo sio 'w', tatizo bakapu (nakala ya akiba) hamna

mlandege88: Bakapu ilikuwepo. Usiku ikanakili lile bovu juu ya zima

kodi_usiku: Aisee. Samahani

fundi_chip: Mi kabla ya kufungua naangalia kwanza kama faili lipo na os.path.exists, sijawahi kuumia

kodi_usiku: Hujaumia bado. Kati ya kuangalia na kufungua faili linaweza kufutwa. Fungua, likigoma kamata FileNotFoundError (kosa la faili kutokuwepo) kwa jina lake, sio kukamata kila kitu

fundi_chip: Sasa ukali wa nini, si tunapeana uzoefu?

mamake_juni: Muache kidogo. Mi skripti ukiiendesha kwa mkono inaenda, kwenye cron (inayoendesha skripti yenyewe kwa ratiba) inalia faili halipo, wiki nzima! Kumbe cron inaanzia folda la nyumbani. Wekeni njia kamili ya faili jamani

fundi_chip: Na Windows mteja akiliacha faili wazi kwenye Excel unapigwa PermissionError (kosa la kunyimwa ruhusa), mpigie simu kabla hujagusa kodi ya programu

bint_pangani: Andika kwenye faili la muda, likikamilika ndo os.replace iliweke mahali pa la zamani. Likifia njiani la zamani lipo

kodi_usiku: Au hamieni SQLite (hifadhidata ndogo) mlale

bint_pangani: Mlandege, zile risiti zilizofifia ikawaje?

mlandege88: Kikao kiliitishwa, kila mama akataja chake tukaandika alivyosema. Jumla ikapishana na benki kwa elfu tatu tu